Warushaji wa besiboli: enzi ya Bob Gibson na ya leo, ipi inadai zaidi?

Gongo la Mti: Wanajukwaa, naomba tulinganishe urushaji wa zamani na wa sasa, yaani kazi ya kumtupia mpigaji mpira, katika ligi kuu ya Marekani. Mwaka 1968 mrushaji Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alianza michezo 34 na kuimaliza 28 mwenyewe bila kubadilishwa, ilhali siku hizi timu zote 30 kwa pamoja hazifikishi michezo 40 ya namna hiyo kwa msimu. Je, warushaji wamepungukiwa ustahimilivu, au kazi yenyewe imebadilika?

Mzee wa Viwanja: Kwangu mimi, enzi ya zamani ilidai zaidi. Tarehe 2 Julai 1963 Juan Marichal na Warren Spahn, aliyekuwa na umri wa miaka 42, warushaji wa timu pinzani, walikabiliana kwa inningi 16 (duru za mchezo, ambazo kwa kawaida ni 9) bila yeyote kati yao kupumzishwa, hadi Willie Mays, mwenzake Marichal, alipoupiga mpira ukavuka ukuta na San Francisco Giants wakashinda 1-0. Mrushaji Clayton Kershaw, Aprili 2022, alitolewa baada ya inningi 7 ambazo hakuna mpinzani aliyefika hata kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji hukimbia kuvizunguka, naye alikuwa amerusha mipira 80 tu! Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kiwiko: Mzee wangu, kwa heshima zote, umeruka habari ya kilima, yaani kituta anachosimama mrushaji. Gibson alirushia kwenye kilima cha inchi 15, na wapigaji walizidiwa kiasi kwamba mwaka 1969 kilishushwa hadi inchi 10 na eneo la straiki, yaani nafasi ambayo mpira ukipita humhesabia mpigaji kosa asipoupiga, likapunguzwa. Tena, aliyejua kwamba ana inningi 9 mbele yake aliweka akiba ya nguvu, akaitumia wapinzani walipojaa vituoni. Wa leo anaambiwa arushe kila mpira kwa nguvu zote, na kano ya upande wa ndani wa kiwiko ndiyo inayolipa: ikikatika, daktari huchukua kano nyingine mkononi au mguuni na kuipitisha kwenye matundu anayoyatoboa mifupani. Frank Jobe alimfanyia Tommy John upasuaji huo kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Sasa hata wanafunzi wa sekondari wanafanyiwa.

Gongo la Mti: Basi tatizo ni wingi wa warushaji wa akiba wanaosubiri kuingia, maana anayeanza hana haja ya kubakiza nguvu. Ligi inaruhusu warushaji 13 kwa kila timu; mimi ningepunguza idadi hiyo, ili anayeanza mchezo alazimike tena kuweka akiba.

Mzee wa Viwanja: Hapo naafiki, mradi ipunguzwe polepole, viwiko vipate kuzoea.