Kama akili ni faida, mbona wanyama wengine hawakupata ubongo kama wetu?

baraza_la_jioni
Asalam alaykum wana jamvi. Jana barazani mabishano mpaka kahawa imepoa. Mmoja anasema binadamu kapata akili kwa kula nyama, mwengine mikono, mwengine moto. Mie suali langu jengine kabisa, kama ubongo mkubwa una faida yote hiyo mbona sisi tu ndo tulopata? Kima punju wa msitu wa Jozani huku Unguja yupo pale miaka na miaka, ana mikono, ana vidole, macho yanaangalia mbele kama yetu, kitu gani kilomzuia? Wenye kujua nifahamisheni ila kwa lugha nyepesi plizi.

maalim_mstaafu
Waalaykum salaam. Wewe unaangalia faida tu, gharama huioni. Ubongo wa mtu uzito wake ni kama 2% ya mwili lakini unakula kiasi cha 20% ya nguvu yote, hata ukiwa umelala. Mtoto ndo balaa, wa miaka mitano hivi ubongo wake unachukua zaidi ya 40%. Sasa mnyama wa porini leo kapata kesho kakosa, ataulisha nini?

Mchukue huyo huyo kima punju. Chakula chake majani, na mengine yana sumu, ndo mana utamuona kaingia majumbani anaiba kipande cha makaa anatafuna kama mtoto na muwa, yale makaa yanamsaidia kunyonya sumu. Majani hayo nguvu yake ndogo kwa hivyo anahitaji tumbo kubwa la vyumba vyumba la kuyachachusha, na akishakula anakaa masaa tele kusubiri. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Leslie Aiello na Peter Wheeler, wakatoa hoja kuwa wazee wetu walipopata chakula cha nguvu, nyama na mafuta ya ndani ya mifupa, tumbo likapungua na kilichobaki kikaenda kwenye ubongo. Hoja tamu, ila 2011 wenzao wakapima wanyama aina 100 hawakuuona huo uhusiano wa tumbo na ubongo, kwa hivyo usiimeze nzima nzima. Lakini kwamba ubongo ni mlaji mkubwa hilo halina ubishi.

kijana_wa_wete
Nyongeza, kima punju dole gumba hana bwana, kibutu tu. Ila hata mikono isiwadanganye. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro zina miaka milioni 3.66, watu wale (au tuwaite nini) wanatembea wima kama mimi na wewe na ubongo wao ni kama nusu lita hivi, wetu sisi lita moja na theluthi. Yani mikono ilikuwa huru zamani hata ubongo haujakua. Angekuwa na akili kila mwenye mikono mitupu hapa kwetu pangekuwa na maprofesa kila kona.

ustadh_mkoani
Sisi ni wana wa Adam na Mwenyezi Mungu ndie alomfundisha Adam majina ya vitu vyote. Haya ya kima waachieni wenyewe.

maalim_mstaafu
Sheikh wangu hakuna alosema umetokana na kima wa Jozani, hata hao wataalamu hawasemi hivyo. Wao wanasema mti mmoja matawi mbali mbali, na tawi la kima na la sokwe yalishaachana miaka milioni 25 nyuma, mabaki yamepatikana Rukwa huko huko bara. Kukubali au kutokubali ni lako, mada ya mwenzetu ni ubongo tukae hapo.

bi_wa_mwambani
Nyie wanaume kima kima, mbona pweza hamumtaji? Mie nachokoa pweza tokea niko skuli. Maji ya bamvua yakitoka unapita mwambani unatafuta tundu ilokuwa na makome matupu mlangoni, hayo mabaki ya mlo wake, na mwengine anajivutia mawe anafunga mlango kabisa. Unamkanyaga hujamuona, keshageuka rangi ya jiwe. Ukimkosa leo na mchokoo kesho hayupo pale. Sasa nambieni huyo hana akili?

Ila akili yake yote kaitafuta mwenyewe. Jike akishataga anakaa na mayai hali kitu, yakianguliwa na yeye kwisha, vitoto vinachukuliwa na maji hakuna mama hakuna bibi. Mwaka na kitu maisha yamekwisha, na alojua kafa nayo. Mie matundu yote nimeonyeshwa na bibi yangu, na yeye kaonyeshwa na mamaake.

maalim_mstaafu
Bi umenifungua. Pweza ana seli za fahamu kama milioni 500, na nyingi zimo kwenye mikono sio kichwani. Sisi tunazaliwa ubongo haujafika hata theluthi ya wa mtu mzima, unamaliziwa nje, mikononi mwa watu wanaotufundisha, miaka mingi. Hapo ndo naona jibu la muulizaji lilipo zaidi kuliko nyama.

baraza_la_jioni
Ahsanteni sana. Na moto je maalim?

maalim_mstaafu
Mtaalamu mmoja, Richard Wrangham, ndo mwenye hoja hiyo, chakula kilopikwa kinatoa nguvu zaidi na hakichoshi tumbo. Naipenda, tatizo ni tarehe. Ubongo ulishaanza kukua karibu miaka milioni 2 nyuma na ushahidi wa moto ulio madhubuti, pango la Wonderwerk Afrika Kusini, ni miaka milioni moja. Katikati hapo kuna shimo kubwa.

bi_wa_mwambani
Na hapa kwetu Jambiani kuna pango la Kuumbi, wamechimba wamekuta zana za mawe na mifupa ya punda milia na nyati, ya miaka zaidi ya elfu 15. Bahari ilikuwa chini, Unguja na bara ni nchi moja watu wanakuja kwa miguu. Na ubongo wao ni huu huu wetu.

kijana_wa_wete
Kwa miguu Unguja, sawa. Pemba mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata bahari iliposhuka. Wa kwanza kufika kwetu alikuja na chombo. Mengine sisemi 😂