Bango la fremu ya kupanga Sinza: fleksi, boksi la taa au herufi za 3D?

MamaVitenge
Wakuu, salaam. Nimepata fremu Sinza kwa ajili ya vitenge na ushonaji, chini kabisa kwenye jengo la ghorofa. Mkataba mwaka 1, nimelipa miezi 6. Juu ya shata kuna ukanda wa ukuta, urefu mita 3.6 na kimo sentimita 90. Fundi amenipa njia tatu: fleksi (turubai la plastiki lililochapishwa) ya kuvutwa kwenye skwea paipu (bomba za chuma za pembe nne), boksi la taa, au ubao wa alukobondi (bati jepesi la alumini na plastiki) wenye herufi za 3D zinazowaka. Moyo wangu uko kwenye herufi, ila hela ni ya mkopo wa vikoba. Anataka advansi leo, anasema kibali kitafuata. Mnanishauri nini?

FundiHerufi
Dada, kazi yangu ndiyo hii, na nakuomba usitoe advansi leo.

Fleksi ni rahisi na inakamilika haraka, lakini jua la Dar linaila. Nyekundu inatangulia kupauka, halafu kona zinalegea na upepo unaanza kuipigapiga. Boksi la taa linapendeza usiku. Adui yake ni maji. Masika yanaingilia juu, yanatuama chini, na transfoma ya LED inakufa. Ukilichagua, fundi atoboe vitundu vya kutolea maji upande wa chini, na transfoma ikae ndani ya duka.

Herufi za 3D ni ghali ila zinatengenezeka: taa ya herufi moja ikizima, unabadilisha hiyo hiyo. Kwako wewe mpangaji la maana ni jinsi zinavyofungwa. Zisigandishwe ukutani. Zikae kwenye ubao, ubao kwenye skwea paipu, na skwea paipu ishikwe na bolti chache. Siku ukihama unafungua, unaondoka na bango zima.

Mpangaji_Mikocheni
Naunga mkono, na naongeza kilichonikuta. Mwenye nyumba aliniruhusu kwa simu, nikafunga bango. Mwaka uliofuata jengo likasimamiwa na mwanawe, akasema hana habari na ruhusa hiyo. Nilishusha bango, marumaru nne zilikuwa na matundu, amana yangu ikakatwa. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Kwa hiyo andika barua, ambatisha mchoro wenye vipimo, rangi na mahali pa bolti, asaini kila ukurasa. Iseme pia nani ataziba matundu mwisho wa mkataba. Na umeme! Kama LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni ya pamoja, bango linalowaka hadi alfajiri litakugombanisha na majirani. Weka taima izime saa 5 usiku.

Bi_Kata
Tuje kwenye kibali. Sinza siku hizi ni Manispaa ya Ubungo. Watu wengi bado wanakwenda Kinondoni kwa mazoea na wanapoteza siku nzima. Nenda na mchoro, picha ya jengo, barua ya mwenye nyumba, TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara. Ada inafuata ukubwa wa bango, na lenye taa lina kiwango chake, kwa hiyo waulize viwango vyote viwili kabla hujachagua. Ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, usimpe mtu fedha mkononi.

Na asije fundi akakushawishi kuongeza kibao cha nguzo pale mbele. Hiyo ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na ruhusa yake ni ya TARURA au TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kutegemea barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipeleka hifadhi hadi mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Bango lako liishie ukutani.

Kitambaa_Kariakoo
Mimi natofautiana nanyi. Mkataba ni mwaka 1 na hela ni ya mkopo. Aanze na fleksi isiyo na taa na stika kwenye mlango wa kioo. Mteja wa vitenge anakuja mchana, anataka kuona rangi ya kitambaa. Akiongeza mkataba ndipo aweke herufi.

MamaVitenge
Asanteni sana, nimerudi. Mwenye nyumba amesaini leo, ila kwenye mchoro amekata 90 kwa kalamu akaandika 70, ili mabango yote ya jengo yalingane. Ningetoa advansi, ubao ungekuwa umeshakatwa. Sasa ni mita 3.6 kwa 0.7, mita za mraba 2.52 badala ya 3.24, kwa hiyo na ada inashuka. Kaka wa Kariakoo, nimekuelewa kuhusu mkopo: nachukua ubao na herufi za 3D bila taa kwanza. FundiHerufi, taa zinaweza kuongezwa baadaye?

FundiHerufi
Zinaweza, mradi herufi zitengenezwe zikiwa na uwazi nyuma na tundu la waya liachwe kwenye ubao sasa hivi. Siku ya kuweka taa urudi manispaa, maana kiwango kitabadilika. Kwa ubao wa kimo cha sentimita 70, herufi za jina la duka zisizidi kimo cha sentimita 40, pembeni ibaki nafasi. “Ushonaji” lihamie kwenye stika ya mlangoni.

MamaVitenge
Kesho asubuhi niko Ubungo na mchoro.