Tupeane uzoefu: kwenda kuvua na kulala porini wenyewe, bila kampuni ya utalii

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Mimi na washkaji wawili tuna ugonjwa wa kwenda kuvua kwa ndoano, hema letu, sufuria letu, hakuna dereva wa kutusubiri. Naanza na aibu yangu halafu nanyi mwage za kwenu, maana mwezi wa nane tunarudi na sitaki kurudia ujinga.

Mwaka juzi tulienda Mtera, lile bwawa la umeme kati ya Dodoma na Iringa. Tumefika jua linazama, tumechoka, tukaona kando ya maji pana nyasi fupiii kama uwanja wa mpira, nikasema hapahapa, nani kakata nyasi huku porini hata hatukujiuliza. Saa saba usiku nasikia kitu kinang'oa nyasi, kraa, kraa, na pumzi nzito, mara kamba ya hema ikaguswa hema zima likacheza. Kiboko. Kumbe mkata nyasi ndo yeye. Tulikaa kimya mpaka alfajiri, mmoja wetu mkojo ulimbana akamalizia kwenye chupa ya maji. Asubuhi mvuvi wa pale akatuonyesha mifereji miwili imechimbika sambamba kutoka majini, akasema hii ni barabara yao, nyie mmelala katikati ya barabara. Na akiwa nchi kavu ukamzibia njia ya kurudi majini anakupitia bila msalie mtume.

Mdau wa pili
Pole mkuu, sisi tulikwamishwa na kalenda tu. Juni 2024 tumetoka Tabora mpaka Kigoma, ndoano mpya, chambo, mchele kilo tano, kila kitu. Tunafika mwaloni mitumbwi yote imevutwa mchangani, watu wanashona nyavu. Ziwa Tanganyika limepumzishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane, redio ilitangaza sana sisi tulikuwa bize kununua rodi. Tukala migebuka mikavu ya kununua tukarudi. Siku hizi kabla ya nauli napiga kwanza simu kwa afisa uvuvi wa halmashauri ninayokwenda, namuuliza kuko wazi, leseni inakuwaje, ndoano gani zinaruhusiwa.

Wa Nyeri
Hapa Kenya sisi hupanda Aberdare kutafuta trauti, wale samaki wazungu walileta 1905 wakaweka mto Gura. Maji ni baridi mpaka vidole vinakataa kufunga ndoano. Lakini hadithi yangu ni ya githeri. Nilibeba mahindi na maharagwe makavu nikidhani nimeokoa pesa, tukaweka kwa jiko ya gesi saa kumi jioni, saa nne usiku bado yanagonga meno kama kokoto na mtungi umeisha. Kumbe huko juu kama mita 3,000 maji yanachemka ikifika kama digrii 90 tu, unaona yanatokota lakini moto wenyewe hautoshi. Siku hizi nachemshia nyumbani kabisa, huko ni kupasha. Na usiende masika, ile barabara ya juu itakula gari yako.

Dada wa ndoano
Mnasahau huduma ya kwanza jamani. Mie ndoano iliniingia kidole gumba mpaka kile kijino cha nyuma kikazama, hospitali mbali, nikataka kuvuta nikakemewa, ukivuta hivihivi kijino kinachana nyama. Mzee mmoja akakata kipande cha mshipi, akakizungusha kwenye kona ya ndoano, kidole chake kingine akakandamiza mguu wa ndoano chini kabisa kwenye ngozi, halafu akaanza kunipigia stori ya Simba na Yanga. Katikati ya stori akavuta ghafla, ikatoka, hata sikupata muda wa kulia. Ila ingekuwa karibu na jicho hapo huchezi, unaiacha hivyohivyo unatafuta daktari. Nilivyorudi nikapitia zahanati kuchoma ya pepopunda. Bandeji, spiriti na koleo sasa hivi ni vya kwanza kwenye begi, kabla hata ya chumvi.

Mleta mada
Dada umenikumbusha, koleo sina. Safari hii tunafika saa nane mchana tuwe na muda wa kutembea kuangalia nyayo kabla ya kupiga hema, na tunalala juu huko mbali na maji hata kama kubeba ndoo ni shida. Mwenyekiti wa kijiji namwachia namba ya mke wangu na siku ya kurudi, maana ukiingia ndani network inakata.

Mdau wa pili
Sawa mkuu, ila hujasema Mtera mlipata samaki wangapi.

Mleta mada
Perege watatu. Mmoja aliliwa na paka wa mama ntilie pale Migoli tukisubiri basi.