Bic, Mach3, mashine ya wembe ya babu au mashine ya saluni: kipi hakiachi vipele shingoni?

MtuWaTegeta:
Wakuu habari za jioni. Miaka yote nimenyolewa saluni ila nimehamishiwa kituo kipya cha kazi ambako kinyozi wa karibu ni mpaka upande boda, nikasema basi nijifunze kunyoa ndevu mwenyewe kwa maji na sabuni. Wiki ya 3 sasa na shingo imekuwa kama ubuyu. Nilianza na Bic ya kutupa nikajikata juu ya kikoromeo, damu mpaka kwenye kola na siku hiyo nina kikao. Nikahamia Mach3 nikidhani blade 3 zitakuwa na adabu, na kweli kujikata kukapungua ila vipele ndo vikaja kwa fujo. Marehemu babu aliacha mashine yake ya chuma, ile unazungusha kitako mdomo unafunguka unaweka wembe. Naiogopa kusema kweli. Ndevu zangu ni za kipilipili haswa. Nishike ipi?

Chuma_Tupu:
Shika ya babu mkuu. Hiyo Mach3 sio kwamba mbovu, inafanya kile ilichoundiwa kufanya. Blade ya mbele inauvuta unywele, ya nyuma inaukata ungali umevutwa, ukiachiwa unarudi ndani chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahi maana anakuwa laini mpaka jioni. Sisi unywele wetu umejikunja tangu kwenye shina, ukiota tena una ncha kali kama mkuki, badala ya kutoka juu unatoboa pembeni humo humo ndani, mwili unaona kama mwiba umeingia, unavimba. Mwingine unatoka nje kabisa halafu unajipinda unazama tena. Ndo hivyo vipele vyako.

Ya babu ina wembe mmoja, unakata usawa wa ngozi basi. Mashine za wembe mmoja wa kubadilisha Mmarekani King C. Gillette alianza kuziuza 1903, na hizo blade pacha zilikuja 1971, kwa hiyo wazee wetu walinyoa wembe mmoja mmoja.

Omosh_wa_Lakeside:
Buda usidanganywe, mi nilitoka Bic nikaingia hiyo ya chuma na wiki ya kwanza nilijikata kuliko maisha yangu yote, watu wa hiyo mashine hawapendi kusema hii kitu. Shida ni mkono. Bic ni nyepesi so umezoea kuifinya kwa ngozi ndo ikate, sasa ukifinya ya chuma vile vile umejichinja. Ile ina uzito wake tayari, wewe shika tu mwisho wa mpini na vidole uiache iteremke yenyewe.

Kwa mtu anaanza mi ningesema ile Bic ya blade moja, sio ya mbili, na uitupe mapema. Wengi wetu tunatumia moja mwezi mzima juu ni ya bei ya chini, halafu tunashangaa inang'oa.

Chuma_Tupu:
Hapo kwa mkono Omosh yuko sahihi, nakubali. Niongeze pembe: weka kichwa cha mashine bapa shavuni, wembe usiguse kabisa, halafu shusha mpini polepole mpaka usikie unaanza kukata, hapo ni kama digrii 30, usizidishe. Vuta vifupi vifupi, vya sentimita 2 au 3. Suuza. Na usiwahi kuisogeza kwa ubavu, kwenda pembeni hata kidogo, hapo ndo watu wanajichana.

Kinyozi_Mstaafu:
Vijana mnabishana chuma na plastiki, mimi nimenyoa watu miaka mingi nawaambia mwenye vipele vya kweli dawa yake ni mashine ya saluni, ya umeme, isiyogusa ngozi. Acha kama milimita 1. Unywele ukibaki nje hauwezi kuzama. Hautakuwa laini kama mtoto, sawa, ila nani alikwambia ndevu ni lazima ziwe laini? (Wakwe labda.)

Kama ni lazima wembe, basi kazi kubwa iko kabla ya wembe. Ndevu kavu ni ngumu kama waya. Oga kwanza, au loweka taulo kwenye maji ya moto, kamua, weka usoni dakika 3. Kisha povu, zungusha na brashi lisimamishe nywele. Na kabla ya yote acha kunyoa siku 2 au 3, upapase shingo kwa kiganja ujue nywele zinaelekea wapi, maana shingoni hazishuki zote, zingine zinapanda, zingine zinakwenda kulia. Ukinyoa unazifuata zinakokwenda. Mara moja tu, usirudie kinyume.

Unga wa Magic nao unaondoa ndevu bila wembe, ila unanuka kama mayai viza na ukiuzidishia dakika unakuunguza. Jaribu mkononi kwanza.

MtuWaTegeta:
Asante mzee wangu, shikamoo. Huku maji ni ya kisima, ya chumvi, sabuni inagoma kabisa kutoa povu, inaacha kama utando tu. Niliyachemsha, wapi.

Kinyozi_Mstaafu:
Marahaba. Chumvi haitoki kwa kuchemsha. Kunyoa hakuhitaji ndoo, kikombe kimoja cha maji ya kunywa au ya mvua kinatosha povu na kusuuza wembe.

Nesi_MamaPacha:
Naingilia kidogo kaka zangu. Vile vipele usivitumbue wala kuchimba unywele kwa pini, unaacha makovu na weusi usiotoka. Vikiwa vingi hivyo pumzisha shingo kwanza, wiki kadhaa bila wembe kabisa, vitulie. Ukiona usaha au vinageuka vinundu vigumu nenda hospitali.

Spiriti ile ya saluni inayokufanya urukeruke haitibu vipele, inakausha ngozi tu. Maji ya baridi, kisha jiwe la shabu lililoloweshwa unapitisha palipochubuka, damu inakata, halafu mafuta mepesi. Na huo wembe ni wako peke yako, hata mdogo wako usimpe. Homa ya ini B inapita kwenye damu kidogo sana ambayo huioni. Mashine ya babu ichemshe kwanza!

Omosh_wa_Lakeside:
Nesi amemaliza. Na kola ya shati pia, mtu ananyoa asubuhi then anafunga kola na tai kwa jua, jasho linaingia kwa michubuko. Nyoa usiku.

MtuWaTegeta:
MREJESHO. Nilipumzika wiki 4, bosi akaniuliza kama nimefiwa. Vipele vikaisha karibu vyote. Nikachemsha ya babu, nikaweka wembe mpya wa Nacet, maji ya kunywa kikombe kimoja, usiku baada ya kuoga. Mashavu yamekubali, sijajikata hata mara moja. Chini ya taya kushoto ndo pamegoma, nywele zinazunguka kama kimbunga na vipele 3 vimerudi. Hapo nimeamua napitisha mashine ya umeme tu, kwingine wembe mara 2 kwa wiki. Ukinitazama kwa karibu upande mmoja una kivuli. Mke wangu kashaona, kasema atazoea.