Mjadala: Makanisa makuu ya Uingereza yatoze kiingilio, au mlango ubaki wazi?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila nikifuatilia habari za makanisa ya kale ya Uingereza nakuta ugomvi ule ule: mgeni anayekuja kutazama jengo alipe au asilipe? Westminster Abbey, St Paul's, Canterbury na York wanatoza. Durham na Norwich unaingia bure, ukiguswa unaacha sadaka. Anayekuja kusali hatozwi popote, hilo tusilichanganye.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kiingilio kinayasaidia makanisa machache yenye watalii, na kadiri tunavyobishana juu yake tunayasahau maelfu ya makanisa ya vijijini ambayo hayana hata wa kumtoza.

Chukueni Norwich. Askofu Herbert de Losinga alianza ujenzi mwaka 1096. Mkoa wake wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, hauna mawe mazuri ya kuchonga, kuna gumegume tu, kwa hiyo mawe yaliletwa kwa meli kutoka Caen, Normandy, Ufaransa, yakapandishwa mto Wensum hadi karibu na ujenzi. Mwaka 1463 radi ilipiga mnara, moto ukateketeza paa la mbao, na Askofu Walter Lyhart akajenga dari ya mawe. Pale mbavu za dari zinapokutana mafundi walichonga vifundo. Kanisa zima lina zaidi ya 1,000. Vya ukumbi mkuu vinasimulia Biblia tangu uumbaji hadi siku ya hukumu. Nuhu yumo na safina yake. Farao anazama na gari lake katika maji yaliyopakwa rangi nyekundu. Tatizo ni urefu: ukiwa chini, kazi yote hiyo unaiona kama madoa ya rangi.

Ndiyo maana Agosti 2019 uongozi ulisimamisha humo ndani mnara wa kuteleza, ule wa kwenye viwanja vya michezo ya watoto, pauni 2 kwa anayepanda, ili watu waikaribie dari. Wengi walikasirika, wakasema nyumba ya Mungu imegeuzwa uwanja wa maonyesho. Mimi naona ilikuwa heshima kubwa kwa wachongaji wale. Mtoto aliyemwona Farao kwa macho yake hatamsahau.

Sasa ondokeni mjini. Kanisa la Uingereza, yaani la Kianglikana, lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 yanalindwa kisheria. Norfolk peke yake ina makanisa zaidi ya 120 yenye mnara wa duara, mengi katika vijiji ambavyo Jumapili wanaingia wazee wachache. Wazee hao ndio wanaotakiwa kulipia paa. Wezi wakibandua mabati ya paa ya madini ya risasi usiku, mzigo ni wao. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwarudishia kodi ya ongezeko la thamani wanapokarabati; Aprili 2025 ukawekewa kikomo cha pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka. Kwa mnara unaopasuka, hiyo iliishia kwenye kodi ya ukarabati mdogo tu.

Nasema mlango ubaki wazi, na kuta zilipiwe na hazina ya taifa. Karibuni.

Fundi Chokaa

Mkuu, nimekusoma, ila "bure" yako inalipwa na nani? Nimefanya kazi ya uashi miaka mingi. Jengo la kale halikubali saruji: ukiziba kwa saruji maji yanabaki ndani na jiwe linamomonyoka, sharti utumie chokaa. Fundi wa chokaa ni ghali, na kabla hajagusa jiwe moja jukwaa la kupandia limeshakula nusu ya bajeti. Sadaka ya hiari haitoshi. Mgeni anayelipa nauli ya ndege akatoe na kiingilio, simwonei huruma hata kidogo.

Binti Mkunazini

Kaka Fundi, naungana nawe nusu. Kwetu Zanzibar, kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, mgeni analipa na hakuna anayeona ajabu. Lakini aliyelisimamia likajengwa, Askofu Edward Steere, kabla ya kuja huku alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire. Kiingilio kinaweza kuitunza Mkunazini. Je, Little Steeping kitaitunza? Basi la watalii halifiki kule. Hapo mwanzisha mada ana hoja.

Mlipakodi

Mimi napinga kabisa. Uingereza ya leo ina Waislamu, Wahindu, na wengi wasio na dini. Kwa haki ipi Mwislamu wa Bradford alipie paa la Waanglikana? Kanisa lina ardhi na uwekezaji mkubwa. Waanze na mali yao.

Mwanzisha mada

Ndugu Mlipakodi, swali lako ni zito na sitalikwepa. Kwanza mali: wasimamizi wa uwekezaji wa Kanisa wana fedha nyingi kweli, nami nataka wachangie majengo zaidi ya sasa. Hapo tuko pamoja.

Lakini angalia Ufaransa. Tangu sheria ya 1905 dini na dola vimetengana, na bado makanisa makuu ya kale ni mali ya dola, ya parokia ni ya manispaa. Wanayatunza kama urithi wa taifa. Mwaka 2024 waziri wa utamaduni alipopendekeza watalii walipe euro 5 kuingia kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, ni Kanisa lenyewe lililokataa.

Na kanisa la parokia Uingereza si la waumini peke yao. Mkazi yeyote wa parokia, hata asiyesali, kwa kawaida ana haki ya kufungia ndoa pale, na ya kuzikwa katika makaburi yake kama bado yanapokea maiti. Huyo Mwislamu wa Bradford naye anayo haki ya kuzikwa humo, atumie asitumie. Sheria ikishampa kila mkazi haki hiyo, mzigo wa paa unabakije kwa wazee wachache wa Jumapili? Nijibu hilo, ndugu yangu, nami nitakuja kwenye hesabu zako za kodi.