Naomba ushauri: niwaelezeje wanafunzi kosa la ramani ya kisiwa cha Pitcairn?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia kidato cha pili, na ninataka kuwafundisha latitudo (umbali kaskazini au kusini ya ikweta) na longitudo (umbali mashariki au magharibi) kwa kutumia kisa cha Pitcairn, Pasifiki ya kusini.

Tarehe 2 Julai 1767 meli ya Uingereza, Swallow, chini ya Philip Carteret, ilikiona kisiwa hicho. Kijana Robert Pitcairn, mwenye miaka 15, ndiye aliyekiona kwanza, kikapewa jina la ukoo wake. Mawimbi yalikuwa makali, hawakuweza kushuka. (Wapolinesia, wenyeji wa visiwa vya Pasifiki, walikuwa wameshaishi pale kabla, ila kisiwa kikabaki na jina la kijana huyo. Ndiyo dunia.)

Sasa, Carteret aliandika latitudo karibu sawasawa, lakini longitudo akakosea kwa takriban digrii 3, kama kilomita 330 magharibi ya kisiwa chenyewe. Hakuwa na saa ya baharini ya kuaminika. Kwa hiyo Januari 1790 Fletcher Christian na wenzake walioasi kwenye Bounty, meli nyingine ya Uingereza, pamoja na Wapolinesia waliokuwa nao, wakapata maficho ambayo ramani haikuyaonyesha mahali pake.

Latitudo wanafunzi wanaielewa: unapima jua la adhuhuri. Wanapokwama ni kwenye saa, yaani kupata longitudo kwa kulinganisha saa ya pale ulipo na saa ya mahali panapojulikana. Nikisema digrii 1 ni dakika 4, kwa hiyo kosa lile ni kama dakika 12, wananitolea macho tu.

Walimu wenzangu, mna zoezi gani la vitendo? Shule haina tufe, tuna uwanja, fimbo na jua la kutosha.