Kinywa kunuka na tumbo kujaa: Huanglian Shangqing au Bao He Wan?

Mgeni wa Xiaobei

Wakuu, naomba ushauri. Nipo Guangzhou. Kinywa kinanuka hata nikishapiga mswaki, na tumbo hujaa gesi kila nikila, hasa usiku. Nikicheua, inarudi harufu ya chakula cha mchana. Choo ni laini na kinanata. Ulimi umevimba, kingoni una alama za meno, na nyuma kuna utando mzito mweupe. Fizi hazitoki damu, wala sina kiu kubwa. Duka la dawa waliniambia nina "moto" wakanipa Huanglian Shangqing Wan, vidonge vya mitishamba vya Kichina. Nikaanza kuharisha, harufu ikabaki palepale. Sasa naambiwa ninunue vidonge vingine vya Kichina, Bao He Wan. Zinatofautianaje, na nianzie wapi?

Msoma Ulimi

Huanglian Shangqing iache leo. Ina huanglian, mzizi mchungu ambao Wachina wanauhesabu kuwa baridi sana, na dahuang, mzizi wa kuharisha. Inamfaa mwenye moto wa tumbo: fizi zimevimba na zinatoka damu, anatamani maji baridi, choo kigumu, ulimi mwekundu wenye utando mkavu wa manjano. Katika uliyoeleza hakuna hata moja kati ya hizo.

Wengu katika tiba ya Kichina si kile kiungo cha kwenye picha za hospitali. Ni kazi ya kusaga chakula na kupandisha kilicho safi, huku tumbo likishusha mabaki. Kazi hiyo ikilegea, chakula kinalala, kinachacha, na uchafu unapanda kinywani badala ya kushuka. Alama za meno na choo laini ni ishara za wengu dhaifu. Mbweu zenye harufu ya chakula na utando mzito ni ishara za chakula kilicholala. Ukiupa wengu kama huo dawa baridi, unazidi kuulegeza, ndiyo maana uliharisha. Tabibu wa Kichina Li Dongyuan aliandika kitabu kizima kuhusu wengu na tumbo mwaka 1249, akionya kwamba kuviharibu ni kufungua mlango wa maradhi mengi. Ni huyohuyo aliyetunga dawa ya Qing Wei San, yenye huanglian, kwa fizi zinazowaka. Dawa ya moto si mbaya, ila impate mwenye moto.

Kwako: Bao He Wan kwa siku chache, mpaka mbweu zitulie na utando upungue. Kisha iache, uhamie Xiangsha Liujun Wan ya kuimarisha wengu. Usizimeze pamoja, kwa sababu Bao He Wan ina laifuzi, yaani mbegu za figili, ambazo hubomoa na kushusha. Huwezi kujenga na kubomoa kwa wakati mmoja.

Ulimi uutazame asubuhi kwa mwanga wa dirishani, kabla ya kahawa au chakula chenye manjano. Usiutoe nje kwa muda mrefu, maana unabadilika rangi na kukudanganya.

Fundi Meno

Nakubaliana na hapo juu, lakini kinywa kianze kukaguliwa. Harufu nyingi za kinywa zinazaliwa kinywani humohumo: bakteria walio nyuma ya ulimi na chini ya fizi wanavunja protini na kutoa gesi za salfa. Kwangua nyuma kabisa ya ulimi kwa kijiko cha plastiki, subiri kidogo, nusa. Pitisha uzi katikati ya magego, nusa pia. Kisha funga mdomo, toa pumzi kwa pua. Ikinuka puani tu, tatizo liko puani au kwenye sainasi. Angalia na mafindofindo kama yana vijiwe vyeupe. Siku ya kwenda kwa tabibu wa Kichina usikwangue ulimi, utamfutia anachotaka kusoma.

Mfamasia wa Zamu

Pima Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni. China kipimo cha kupuliza kinapatikana kwa urahisi, unaenda hujala. Omeprazole na jamii yake, dawa za kupunguza asidi, uwe umeziacha wiki 2, antibiotiki wiki 4. Na hili wengi hawaambiwi: huanglian nayo inadhoofisha bakteria, kwa hiyo wiki 4 zihesabu tangu kidonge cha mwisho cha Huanglian Shangqing, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Mjamzito asipewe kipimo cha kupuliza cha kaboni 14, kwa sababu kina mionzi.

Ukipewa antibiotiki ya metronidazole, usinywe Huoxiang Zhengqi Shui, ile ya chupa ndogo wanayoipenda kwa tumbo kuvurugika. Ina pombe nyingi na mchanganyiko huo unaweza kukudhuru. Kwa anayejiepusha na pombe kwa ajili ya dini, ipo ya maji isiyo na pombe, inaitwa koufuye, soma lebo. Niuhuang Jiedu, dawa nyingine ya Kichina ya moto, nayo usiizoee, ina xionghuang, madini ya aseniki.

Ukipungua uzito bila sababu, ukipata choo cheusi, ukitapika damu au chakula kikikwama kooni, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mgeni wa Xiaobei

Asanteni sana wakuu. Bao He Wan nimezikuta za aina mbili, kubwa na ndogo. Na je, naweza kuchemsha kitu nyumbani badala yake?

Msoma Ulimi

Zile kubwa za asali ni gramu 9 kila moja: 1 hadi 2, mara 2 kwa siku, unazitafuna. Mwenye kisukari aziepuke. Zile ndogo zilizokolezwa kwa kawaida ni 8 mara 3 kwa siku, lakini fuata karatasi ya ndani.

Ya kuchemsha: shanzha (tunda dogo jekundu lenye uchachu) iliyokaangwa gramu 10, shayiri iliyooteshwa na kukaangwa (maiya) gramu 10, maganda makavu ya chenza (chenpi) gramu 5. Loweka dakika 30 katika mililita 800 za maji, chemsha, punguza moto, acha dakika 20. Tumia chungu au sufuria ya stenlesi, si ya alumini wala chuma. Chuja, gawa mara 2, kunywa ikiwa vuguvugu nusu saa baada ya kula. Shanzha mbichi ni chachu mno, na hata ya kukaangwa haimfai mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo. Maiya inakausha maziwa, anayenyonyesha asiinywe.

Chakula cha usiku ukile mapema na kiwe kidogo, na maji ya barafu mezani uyaache. Bila hayo utando utarudi.